Gunia la Julai

Akiba haiozi, walisema wahenga. Akiba ya mahindi huoza. Hutobolewa na dumuzi, huota ukungu, hufyonza unyevu wa ukuta, na kilichobaki hugawanwa na panya. Kwa hiyo anayetaka kuweka chakula cha dharura kwa bei nafuu ana maswali mawili, na wengi hujiuliza la kwanza tu: nitanunua wapi na lini kwa bei ya chini? La pili ni kama unafuu huo utakuwa bado upo siku ya kupika. Kwetu Afrika Mashariki punguzo kubwa kuliko yote limo kwenye kalenda ya mavuno, na hakuna duka linaloweza kulifikia. Lakini hata punguzo hilo ni dogo kiasi kwamba mdudu mmoja anaweza kulimaliza kabla mwenye gunia hajalifungua.

Nchini Marekani jambo hili limekuwa biashara kamili. Kampuni huuza ndoo za chakula kilichoondolewa maji, zenye lebo ya miaka 25, na bei hutangazwa kwa idadi ya milo iliyomo. Mlo mmoja katika hesabu hiyo unaweza kuwa kikombe cha kinywaji cha unga chenye sukari, ndiyo maana wazoefu wa huko hushauriana kuacha kuhesabu milo na kuhesabu kalori. Ndoo za aina hiyo hazituhusu sana. Kosa la hesabu ndilo linalotuhusu, kwa sababu nasi tuna debe, kisado, gorogoro na gunia la rumbesa, na bei ya chombo mara nyingi huficha bei ya chakula.

Tuanze basi na kiasi. Mpango wa Chakula Duniani hupanga mgao wake kwa kukadiria kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, na mgao wa kawaida huwa na takriban gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharage au jamii nyingine ya kunde na gramu 25 za mafuta, pamoja na unga wa lishe, sukari na chumvi kidogo. Kwa nyumba ya watu watano, nafaka ni kilo 2 kwa siku, kilo 60 kwa mwezi. Miezi mitatu ni kilo 180 za nafaka, kilo 27 za maharage na mafuta yasiyopungua lita 12. Hapo tunazungumzia nafaka inayoliwa. Anayekula dona atakaribia hesabu hii. Anayekoboa kupata sembe atapoteza sehemu kubwa ya uzito kwenye pumba, naye itambidi aongeze. Hata hivyo magunia mawili na ushee hayajazi chumba. Familia nyingi za mjini zina nafasi hiyo chini ya kitanda au nyuma ya kabati. Kinachokosekana ni fedha ya mkupuo, na tutarudi kwenye hilo.

Kalenda yenyewe haifanani kila mahali. Ruvuma, Rukwa, Songwe, Njombe na mikoa jirani huvuna mara moja kwa mwaka, kati ya Mei na Agosti, na Julai ndipo mahindi hufurika kwenye masoko ya Kibaigwa na Tandale. Bei hupanda taratibu kuelekea Desemba na kufikia kilele kati ya Januari na Machi, wakati mkulima mwenyewe ameshageuka mnunuzi. Kaskazini mwa Tanzania, kwenye masika na vuli, pengo hupungua kwa sababu kuna mavuno mawili. Nchini Kenya, ghala kubwa ni Trans Nzoia na Uasin Gishu, ambako mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa mkazi wa Nairobi anayenunua kwenye soko la Nyamakima, miezi ya unafuu ni ya mwisho wa mwaka, na miezi ya ukali ni Mei hadi Julai. Ndiyo maana malori hupanga foleni mpakani Namanga wakati mahindi ya kusini mwa Tanzania yanapoingia sokoni: mavuno ya huku huangukia njaa ya kule. Mnunuzi wa Dar es Salaam anayengoja Septemba akitumaini bei itashuka zaidi huwa anashindana na wanunuzi wa nchi jirani pia.

Pengo la bei ni kubwa kiasi gani? Uchunguzi wa masoko ya nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria kwamba bei ya jumla ya mahindi hutofautiana kwa wastani wa theluthi moja kati ya mwezi wa bei ya chini na mwezi wa bei ya juu. Mchele hutofautiana kwa nusu ya hapo. Wapo wanaosikia theluthi wakaona utajiri. Tulitie gunia kwenye mizani. Tuseme limenunuliwa kwa shilingi 60,000 mwezi Julai, na Februari gunia kama hilo linauzwa 80,000. Dumuzi na fukusi wakila kilo 25 katika miezi hiyo, zimebaki kilo 75 zilizogharimu shilingi 60,000, yaani 800 kwa kilo. Hiyo ndiyo bei ya Februari hasa. Umebeba, umepanga, umelinda, umepumua vumbi la unga wa dumuzi miezi saba, na hukuokoa hata senti moja.

Robo ya gunia si kisa cha kutisha watoto. Dumuzi huyu, ambaye wataalamu humwita Prostephanus truncatus, asili yake ni Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inaaminika aliingia na mahindi kutoka nje katika muongo uliotangulia. Wakulima wa huko walimpachika jina la Scania, kama yale malori. Kufikia 1983 alikuwa Taveta, upande wa Kenya. Vipimo vilivyofanywa Tabora miaka hiyo vilionyesha kwamba mahindi yaliyohifadhiwa bila kinga yanaweza kupoteza theluthi ya uzito katika muda usiozidi miezi sita. Dari la juu ya jiko na moshi wake, pamoja na kihenge cha fito, vilitosha kwa fukusi wa zamani. Kwa Scania havikutosha, na sehemu kubwa ya ushauri wa hifadhi ya nafaka uliotolewa tangu hapo ni majibu kwa mdudu huyu mmoja.

Jibu lililonishawishi kuliko mengine ni mfuko usiopitisha hewa. Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wakishirikiana na wakulima wa kunde wa Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, na huku unajulikana kama mfuko wa PICS au Kinga Njaa. Kiwanda cha A to Z cha Arusha nacho hutengeneza wa aina yake. Ndani kuna nailoni nene, kwenye PICS zikiwa mbili, na nje kuna kiroba cha kawaida. Nafaka ikishindiliwa na kila tabaka likafungwa peke yake, wadudu waliomo humaliza oksijeni kwa kupumua wenyewe. Hewa ikipungua huacha kula, kisha hufa kwa kukauka, maana miili yao huhitaji oksijeni ili kutengeneza maji. Hakuna dawa inayotumika. Bei ya mfuko ni ndogo kuliko debe la mahindi, na ukitunzwa bila kutoboka hurudi kazini misimu miwili au mitatu. Turudi kwenye gunia letu: 60,000 ya mahindi na tuseme 5,000 ya mfuko, upotevu wa kilo moja au mbili, na gharama ya kilo haifiki 670. Sasa kuna unafuu wa kweli, na mwaka wa pili mfuko umeshalipwa.

Kuna masharti ambayo muuzaji hana haraka ya kuyataja. Mfuko ukifunguliwa kila wiki kuchota kilo kumi, hewa huingia na wadudu hufufua shughuli zao; kwa hiyo gunia la akiba lifungwe mpaka siku yake, na matumizi ya kila wiki yatoke kwenye chombo kingine. Panya akikata nailoni, habari imekwisha, hivyo mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta. Kwa maharage, mtama au kunde kidogo, huna haja hata ya kununua mfuko: dumu la plastiki la lita 20 lililooshwa na kukaushwa sawasawa, likajazwa mpaka shingoni na kufungwa kizibo kisichovuja, hufanya kazi ileile. Hilo ndilo ghala la bei ndogo kuliko yote ninayoyajua.

Sharti kubwa ni ukavu. Nafaka ikifungwa mbichi ndani ya nailoni huvunda. Kiwango salama cha unyevu kwa mahindi ni asilimia 13.5 au chini ya hapo, na asiye na kipimo ana chumvi. Tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika chache, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, na bado kuna safari kidogo. Anika tena siku moja au mbili juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo.

Ukavu huo una upande wa bei pia. Anayenunua kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, akayakausha mpaka 13, atabaki na kilo 94. Sita zilikuwa maji. Mahindi ya mapema yanayouzwa kwa bei ya kuvutia mwezi Mei mara nyingi ni ya aina hii. Rumbesa ni hesabu ya upande wa pili: gunia lililoshonewa kilemba, likabeba zaidi ya kilo 100 kwa bei ya gunia moja. Mnunuzi huona amepata. Aliyetoa ni mkulima, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiwakamata wafanyabiashara kwa kosa hilo kwa miaka mingi. Mimi siuhesabu huo kuwa unafuu. Nunua kwa kilo, kwenye mizani, uhesabu mwenyewe.

Wapo wanaotegemea dawa. Poda za kuchanganya na nafaka, Actellic Super ikiwa maarufu kuliko zote, zimesaidia wengi tangu Scania aingie, mradi kipimo kifuatwe, dawa isiwe bandia na isiwe imepitwa na wakati. Vidonge vya Phostoxin ni jambo jingine. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua wadudu na huua watu. Kazi yake ni kwenye maghala yaliyofungwa, mikononi mwa wenye mafunzo. Kuweka kidonge kwenye gunia lililo chumba cha kulala, eti ni rahisi kuliko mfuko, ni kuuza usingizi wa familia.

Halafu kuna mahindi ambayo hata ukipewa bure usiyachukue. Sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ulizipata Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na biashara ya mipakani ikayumba. Kiwango cha juu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa kila bilioni; jicho haliwezi kukiona. Jicho linaweza kuona punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, na kuzichambua hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Ukame ukifuatiwa na mvua wakati wa kuvuna ndiyo hali mbaya zaidi, na ndiyo hali inayozaa mahindi ya bei ya kutupa. Mfuko usiopitisha hewa huzuia ukungu kuendelea, lakini hauifuti sumu iliyokwisha kuingia shambani.

Maharage yana ujanja wake. Yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevu hugoma kuiva, hata kama hayakuguswa na mdudu. Maharage ya zamani yanayouzwa kwa punguzo la mia mbili kwa kilo yanaweza kuhitaji saa moja ya ziada jikoni, na kwa bei ya mkaa wa mjini punguzo hilo linarudi kwa mchoma mkaa. Yaloweke usiku kucha, na kwenye akiba weka ya msimu huu tu. Unga nao si wa kuweka muda mrefu. Dona lina kiini chenye mafuta, kwa hiyo huchacha baada ya wiki chache. Sembe huvumilia zaidi. Weka punje, saga kidogo kidogo. Mpunga vilevile hutunzika vizuri kuliko mchele, ndiyo maana wafanyabiashara wa Kahama na Mbeya huuweka na maganda yake wakingoja bei.

Mazungumzo ya akiba huegemea mahindi mno. Ulezi, kwa udogo wa punje zake, hauwapendezi wadudu wa ghala na huweza kukaa miaka mingi ukiwa mkavu. Ni nafaka ya dharura kuliko zote tulizonazo, ingawa bei yake kwa kilo iko juu ya mahindi. Wasukuma hukausha viazi vitamu kuwa michembe na matobolwa, na majani ya kunde kuwa nsansa. Kando ya Ziwa Victoria kuna dagaa. Mwenye kununua dagaa kwenye soko la Kirumba, Mwanza, kwa ajili ya akiba ni vizuri atazame mwezi: huvuliwa kwa taa kwenye giza, na mbalamwezi inapowaka samaki hupungua na bei hupanda. Atazame pia walikoanikwa. Dagaa wa mchangani huuzwa rahisi kuliko wa kwenye chanja, na tofauti hiyo utaikuta chini ya karai baada ya kuwaosha. Kwa kuwa wana mafuta, wasikae zaidi ya miezi michache.

Muhogo una sifa ya kuwa akiba isiyohitaji ghala, kwani hubaki ardhini ukingoja. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Tanganyika kuulima kwa ajili hiyo. Lakini muhogo mchungu una sumu inayohitaji siku za kuloweka na kukausha, na njaa ndiyo hasa inayowafanya watu wafupishe kazi hiyo. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu, ulizuka Tarime mwaka 1985 na Mtwara mwaka 2002 na 2003 kwa sababu hiyo. Makopa yaliyotayarishwa wakati wa shibe, bila haraka, ni salama kuliko muhogo unaong'olewa siku ya dhiki.

Dukani kuna machache ya kuvizia. Chumvi na sukari haziharibiki zikikaa pakavu, hivyo kila punguzo ni halali. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipanda vibaya Tanzania baada ya mvua za El Niño kuvuruga uzalishaji viwandani, mpaka serikali ikatangaza bei elekezi. Aliyekuwa na kilo kumi stoo hakuhangaika. Mafuta ya kula yawekwe gizani na yatumike ndani ya mwaka. Vyakula vya makopo ni ghali mno kwa kalori, lakini mafuriko yakiingia jikoni huna moto wala maji safi, na hapo kopo la samaki, biskuti, karanga na tende vina thamani ambayo gunia la mahindi halina. Makopo yanayokaribia tarehe huuzwa kwa punguzo kubwa, nayo yanafaa iwapo utayala kabla ya tarehe hiyo. Lililobonyea kidogo halina tatizo kubwa; lililovimba litupwe.

Je, tusiiachie serikali? Tanzania ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula tangu 2008, na mradi wa vihenge uliokopewa fedha Poland ulilenga kuongeza uwezo wake kutoka tani 251,000 hadi 501,000. Hifadhi hiyo imesaidia kutuliza bei katika wilaya zenye upungufu. Hata hivyo chakula cha serikali hufika bei ikiwa imeshapaa. Mei 2017 Kenya iliingiza mahindi kutoka Mexico na kuuza unga wa kilo mbili kwa shilingi 90 za Kenya. Foleni zilikuwa ndefu na rafu zikawa tupu. Mwaka 2022, wiki tatu hivi kabla ya uchaguzi, ruzuku ilirudi kwa shilingi 100, ikadumu wiki chache. Ruzuku ni bahati ya aliyewahi foleni.

Limebaki swali la fedha ya mkupuo. Wakulima wanajua kalenda hii kuliko yeyote, na bado huuza Julai na kununua Februari. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya pamoja na shirika la One Acre Fund uliwapa wakulima mkopo wakati wa mavuno, ili wasilazimike kuuza kwa sababu ya ada na madeni. Waliweza kuyashikilia mahindi, wakapata faida, na pale walipokopeshwa wengi katika eneo moja, hata pengo la bei sokoni lilipungua kwa manufaa ya majirani. Kilichowafunga ni ukata, ujuzi walikuwa nao. Kwa wa mjini, kikundi cha VICOBA au chama kinachogawana fedha mwezi Juni kinaweza kuagiza mahindi Sumbawanga kwa pamoja na kugawana nauli ya lori. Mkopo wa kausha damu haufai kwa kazi hii. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, shilingi 60,000 hudai 42,000 za ziada katika miezi saba, wakati gunia zima lililotunzwa vizuri linaokoa kama 14,000 tu.

Kwa hiyo mwenye 65,000 yake mwezi Julai, asiyedaiwa, anunue gunia na mfuko kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye 10,000 aanze na dumu moja la maharage. Mwenye deni la riba alilipe kwanza, mahindi yatamngoja msimu ujao.